Gunzi Linaloua Tetere

Jioni moja nilisimama pembeni ya kiwanja hapa Pasiansi, Mwanza, nikitazama kikundi cha vijana wakifanya mazoezi ya igizo la vita vya enzi za watemi. Ngoma ilikolea, mavazi yalipendeza, na kijana aliyecheza mtemi alikuwa na sauti ya kunyamazisha uwanja mzima. Kisha wakatokea wapiga upinde wanne. Wakavuta hadi shavuni, wakaachia. Mishale ikapita juu ya vichwa vya wenzao, mmoja ukamgonga kijana begani, mwingine ukampata mwenzake karibu na koo. Wote wawili wakaanguka kama walivyofundishwa, na watazamaji wakapiga vigelegele.

Nilimfuata kiongozi wao. Hakukasirika, alinipokea kwa heshima, akanipa mshale niushike. Ulikuwa kijiti cha unene wa kidole kidogo, mbele kimezungushiwa kitambaa na selotepu, kikubwa kama zabibu. "Ondoa shaka, mzee wangu," akaniambia. "Hauna chembe. Ni butu huu, hauwezi kumdhuru mtu."

Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na leo nataka kuyapinga waziwazi, kwa sababu ni uongo, na uongo huu unapofua macho.

Naelewa yalikotoka. Kanda yetu hii inaujua mshale kupitia sumu. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoanza Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha wakaenea hadi kwetu Mwanza, mwizi wa ng'ombe hakuogopa kijiti kinachoruka. Aliogopa kilichopakwa kwenye chembe. Mwano, yaani mbiu ya hatari, ukipigwa usiku na wanaume wakatoka na bhuta na masonga, upinde na mishale, kila mtu alijua kwamba mkwaruzo mdogo tu unaweza kumaliza maisha. Na vijana wanaosomea uaskari wa wanyamapori katika chuo chetu cha Pasiansi, kilichopo tangu mwaka 1966, wanajua kwamba porini kuna jangili asiye na bunduki lakini mwenye mshale wa sumu unaoweza kumwangusha tembo. Ndiyo maana tumejijengea hesabu iliyo rahisi mno: hatari ya mshale ni sumu, na baada ya sumu ni chembe. Ondoa vyote viwili, kinachobaki ni kijiti cha watoto kuchezea.

Hesabu hiyo imesahau upinde.

Tukumbuke mishale yetu ya utotoni. Wengi tuliokulia ukanda huu wa ziwa tulikata matete majini au vijiti vya mkole porini, tukachomeka gunzi la mahindi mbele, tukaenda kuwinda ndege mashambani. Gunzi lile halikuwekwa ili ndege asiumie. Liliwekwa ili afe bila kuchanika, na mshale usizame kwenye tawi ukapotea juu ya mti. Tetere aliyepigwa na gunzi alianguka mzima, hana tone la damu, mbavu zimevunjika kwa ndani. Wawindaji wa Ulaya ya kale nao walitumia mishale butu kwa ndege kwa sababu hiyohiyo, nyama na manyoya visiharibike. Kumbe basi mshale butu tangu asili ni silaha ya kuulia. Mtu aliyekula tetere wa gunzi hana haki ya kuniambia kwamba gunzi halidhuru.

Kuna mwenzetu mmoja mtaani kwetu, jina lake nalihifadhi, aliyepigwa na mshale wa namna hiyo jichoni tukiwa na umri wa miaka kumi hivi. Hakukatwa. Hakutoka damu nje, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeharakisha. Mama yake alimkanda kwa maji ya uvuguvugu. Lakini ndani ya jicho damu ilikuwa imevilia mbele ya mboni, na walipomfikisha hospitali siku kadhaa baadaye, jicho lilikuwa limekwenda. Wakubwa wakisema "sisi tulirushiana mishale hiyo na hakuna lililotupata," huwa namkumbuka yeye. Hamtamsikia akisema hivyo.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Chukua mshale wa gramu 30 unaoruka mita 40 kwa sekunde, kasi ambayo upinde wa kawaida unaifikia bila shida. Nguvu unayoibeba ni sawa na ya mfuko wa sukari wa kilo 1 ulioanguka kutoka mita 2 na nusu. Nguvu yote hiyo inatua kwenye ncha yenye upana wa milimita 8. Kuifanya ncha iwe butu hakupunguzi hata chembe ya nguvu hiyo. Kinachoipunguzia makali ni mambo mawili tu: upinde kuwa dhaifu, na kichwa cha mshale kuwa kipana na laini kiasi cha kuitawanya. Kichwa cha sentimita 5 kina eneo karibu mara 40 la ile ncha ya milimita 8. Hapo ndipo pigo linapogeuka kutoka jeraha kuwa kishindo.

Na hiyo sentimita 5 haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Tundu la mfupa linalolihifadhi jicho la mtu mzima lina upana wa takriban sentimita 4 na urefu wa sentimita 3 na nusu. Jicho lenyewe ni sentimita 2 na nusu hivi. Kitu kipana kuliko tundu hugonga mfupa wa nyusi na wa shavu, na jicho husalimika nyuma yake. Kitu chembamba kuliko tundu huingia. Kile kitambaa cha ukubwa wa zabibu nilichokishika kiwanjani kilikuwa kimetengenezwa, bila mtu kukusudia, kwa kipimo kamili cha jicho la binadamu.

Wapo watu wanaofanya mchezo huu kwa maelfu, na wanaufanya kwa uangalifu. Mwaka uleule wa 1966, huko Berkeley, California, ilizaliwa jumuiya ya Society for Creative Anachronism, ambayo wanachama wake huigiza maisha na vita vya Ulaya ya kale. Wanapigana kwelikweli na kurushiana mishale kwelikweli. Upinde wa mkono hauruhusiwi kuzidi ratili 30, yaani kilo 13 na nusu hivi. Linganisha na upinde wa mwindaji wa Kihadza kule Eyasi, ambao mara nyingi hudai kuvutwa kwa kilo 30 na zaidi. Kichwa cha mshale kina kipimo cha chini, na hakiruhusiwi kupita kwenye nondo za kofia ya chuma. Kila aliye uwanjani sharti avae kofia hiyo. Fimbo ya mshale hufungwa kwa utepe imara ili ikivunjika isitoe kijiti chenye ncha. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba hata mkia wa mshale huwekewa kizuizi kipana, kwa kuwa mshale uliogonga ngao hurudi nyuma, na mkia wake mwembamba unaweza kupenya kwenye kofia ya mtu mwingine. Hao ni watu waliovaa chuma mwilini, na bado wanauogopa mkia wa mshale butu. Sisi tunamrushia kijana kifua wazi.

Nimejibiwa kwamba vifaa hivyo ni vya wenye fedha. Sikubali. Sponji la godoro kuukuu lipo kila mtaa. Malapa yaliyokatika yanatupwa kila siku ufukweni, na mpira wake ni mzuri kwa kazi hii. Lakini msichomeke fimbo ndani ya sponji mkadhani mmemaliza, kwani baada ya mapigo machache fimbo hulitoboa na kutokea upande wa pili, na hapo mmerudi kwenye ncha ya milimita 8 iliyojificha. Weka kwanza mbele ya fimbo kipande cha plastiki ngumu au ngozi kavu, kipana kuliko fimbo mara tatu au nne, ufunge barabara, ndipo uweke sponji juu yake, upana usipungue sentimita 5. Binya kila kichwa kwa kidole gumba kabla ya kila onyesho. Ukiusikia ugumu wa fimbo, mshale huo umekufa, uvunje usije ukachukuliwa na mwingine. Matete msitumie kabisa. Tete likipasuka hutoa kibanzi chenye makali ya wembe, na aliyekata matete ziwani anazijua alama zake viganjani.

Upinde nao upimwe. Tundika mzani wa ndoano wanaopimia samaki au nyama kwenye upote, vuta hadi urefu wa mshale, soma kilo. Ukizidi 13, usiuingize kwenye igizo hata kama mzee wako ndiye aliyekuachia. Naujua uchungu wa neno hilo. Pinde za babu zetu ni urithi, na napenda kuziona juu pale Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, zikitazamwa na watoto. Hazikutengenezwa kwa ajili ya kumrushia rafiki.

Na kama kikundi hakina miwani ya kinga wala kofia kwa kila mwigizaji, basi mshale usiruke. Hili halitaua igizo. Mpiga upinde avute hadi shavuni, ngoma ipige pigo moja zito, aliyelengwa aanguke, na mshale ubaki mkononi. Hadhira itauona ukiruka. Tumekaa miaka mingi tukiona simba na mamba katika ngoma zetu pasipo simba wala mamba kuletwa uwanjani, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Walimu wa maigizo mashuleni, viongozi wa vikundi vya Pasiansi, Kirumba na Ilemela, wazazi mnaowaruhusu watoto kwenda mazoezini: kabla ya onyesho lijalo, ombeni kuuona mshale. Uwekeni juu ya jicho lililofumbwa la mtoto wenu, taratibu. Kama kichwa cha mshale kinaingia kwenye tundu la jicho, msimruhusu mtoto apande jukwaani.