Mwangwi Katika Waya: Kupunguza Mwendo si Tiba

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na riwaya tu, na kwamba uhandisi ukibisha hodi hakina budi kunyamaza. Sikubaliani nao. Natwaa mfano mmoja finyu: JTAG, kiolesura kilichosanifishwa mwaka 1990, ambacho kwacho mhandisi huchungulia ndani ya chipu ili kusaka hitilafu kwenye bodi ya saketi.

Aghalabu mawasiliano yakivurugika, wengi hukimbilia kupunguza mwendo wa mapigo ya saa kwenye waya wa TCK. Hatua hiyo hufaa pale majibu ya TDO yanapochelewa kurejea. Hata hivyo, kiini cha tatizo mara nyingi si wingi wa mapigo kwa sekunde, bali ni jinsi kila pigo linavyopanda kwa ghafla. Ishara husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde 1. Kebo ikiwa na urefu huo, pigo hufika mwisho, hurudi kwenye chanzo baada ya nanosekunde 2, kisha hurushwa tena. Huo ni mwangwi, mfano wa sauti irudishwayo na jabali. Ukiutikisa ukingo wa pigo, chipu huhesabu mapigo mawili badala ya moja, ikapotea njia miongoni mwa hali 16 za kidhibiti chake. Mwendo upunguzwe hata mara kumi, ukingo ni ule ule.

Wahenga walinena kuwa mwiba hutokea pale ulipoingilia. Tiba na iwekwe kwenye chanzo: rezista ya omu 33 hivi, ambayo ikijumlishwa na ukinzani wa chanzo chenyewe italingana na ule wa njia, yaani omu 50 au karibu na hapo. Hapo mwangwi ukirudi humezwa. Kwa TCK, chanzo ni kifaa cha kusakia hitilafu. Kwa TDO, ni chipu. Aidha, kebo iwe fupi na kila waya wa ishara upakane na waya wa ardhi.

Je, Kiswahili kimekwama wapi? Mwanafunzi aliyeambiwa "mwangwi" atautafuta ukuta unaourudisha, wala hatabahatisha. Basi walimu wa uhandisi na wa lugha waketi pamoja, maana neno lifaalo ni nusu ya tiba.