Afya ya wanafunzi wetu ianzie sahanini

Neno "asili" limepanda bei siku hizi. Ukishuka feri ya Likoni, ukapita Magongo kule Changamwe au ukazunguka soko la Kongowea, hukosi kumsikia mtu mwenye kipaza sauti akiinadi dawa yake. Chupa moja, kwa maneno yake, huponya kisukari, presha, vidonda vya tumbo, maumivu ya mgongo na hata mikosi ya mapenzi. Hatua chache kutoka aliposimama, aghalabu utamwona mama aliyeketi nyuma ya mafungu ya mchicha, mkunde na mnavu. Huyu hana kipaza sauti wala hadai kuponya lolote. Anachoomba ni ununue fungu kabla jua halijainyausha mboga yake.

Ninashikilia kwamba baina ya hao wawili, mtaalamu wa kweli wa afya ya asili ni huyo mama. Ninashikilia pia kwamba shule zetu, ambazo ndizo zingepasa kuwafahamisha watoto thamani ya bidhaa yake, zimemsahau kabisa.

Hebu kwanza tutazame anachokula mwanafunzi wa kawaida wa Likoni, Kisauni au Changamwe. Asubuhi huondoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi yenye sukari tele, na kipande cha mkate kama kipo. Wakati wa mapumziko hukimbilia langoni kununua viazi karai, krips za muhogo, barafu ya rangi au mabuyu. Akiwa na pesa zaidi, huongeza soda. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani kama vijiko saba vya chai. Mchana au usiku hupata ugali au wali, na mboga ikiwepo huwa kidogo tu ukingoni mwa sahani. Tumbo limejaa, lakini mwili haukulishwa.

Katika miaka niliyofundisha upande huu wa bara nimewaona watoto wengi wakilaza vichwa juu ya madawati saa nne ya asubuhi. Mwalimu huandika katika ripoti kwamba mtoto ni mzembe au hamakiniki. Huenda ni kweli. Lakini yawezekana pia kwamba mtoto huyo ana upungufu wa damu. Damu inapokosa madini ya chuma, mtu huchoka upesi, huumwa na kichwa, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, na somo halimkai akilini. Wasichana waliobaleghe wamo hatarini zaidi kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Kiboko hakiongezi damu, wala mahubiri juu ya bidii hayaiongezi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kila mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 10 ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi na mihogo havimo katika hesabu hiyo. Anayesikia hivyo hudhani ni wito wa kununua matufaha ya Afrika Kusini. La hasha! Mchicha, mkunde, mnavu, kisamvu, mrenda, mchunga na majani ya viazi vitamu, ambayo jamaa zetu Wamijikenda huyaita mtoriro, vyote ni vyakula vya Pwani, na vingi huota bila mbolea ya dukani. Mboga hizi za kijani kibichi zina madini ya chuma, asidi ya foliki ambayo mwili huhitaji kutengenezea damu, na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho na kinga ya mwili.

Tena mabibi zetu walizipika kwa namna ambayo sayansi ya lishe imekuja kuiunga mkono. Mchicha wao waliutia tui. Viini vya vitamini A havifyonzwi vyema pasipo mafuta, kwa hivyo tui lile lilikuwa na kazi kubwa kuliko kukoleza ladha. Juu ya mboga walikamua ndimu, na vitamini C iliyomo katika ndimu husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yatokayo katika mimea. Kisamvu walikitwanga na kukichemsha kwa muda mrefu, maana majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi, ambayo hupungua kwa kutwangwa na kuchemshwa. Haya si mambo ya kubahatisha. Ni elimu iliyokusanywa jikoni kwa vizazi vingi, bila cheti wala mahafali.

Kuna desturi moja, hata hivyo, ambayo twapaswa kuirekebisha. Chai, hasa ile nzito, ina viini vinavyoyafunga madini ya chuma yaliyomo katika mimea yasifyonzwe na mwili. Mtu anayekula mboga na kuiteremshia chai papo hapo hujinyima sehemu ya kile alichokila. Si lazima kuiacha chai, maana nani Mombasa angekubali? Yatosha kungoja saa moja hivi baada ya chakula. Ushauri huu hauna gharama yoyote, na ungeweza kufundishwa darasani kwa dakika tano.

Sitaki nieleweke kwamba kila kipendwacho na watoto ni kibaya. Mbaazi za nazi ambazo hushushiwa mahamri asubuhi ni chakula cha maana sana. Mbaazi zina protini, asidi ya foliki na madini ya chuma, na zikiliwa pamoja na nafaka, protini za vyakula hivyo viwili hukamilishana. Tatizo huanza mahamri yanapobaki peke yake. Ubuyu nao ni tunda la ajabu. Unga wake mkavu una vitamini C kwa wingi pamoja na madini ya kalsiamu. Lakini mabuyu yauzwayo langoni mwa shule yamepikwa kwa sukari na kutiwa rangi nyekundu hata ulimi wa mtoto ukawa kama umechinjiwa kuku. Moto wa kuyapikia huiharibu sehemu ya vitamini C, na meno huachiwa sukari. Mama muuzaji wa mabuyu hana kosa, naye atafuta riziki. Lakini shule ingeweza kumshawishi awauzie watoto sharubati ya ubuyu au ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, na wanunuzi asingewakosa.

Kwa nini basi tumezipa kisogo mboga hizi? Naona sababu kuu ni haya. Tumewafunza watoto, pengine bila kusema neno, kwamba mchunga na mrenda ni chakula cha maskini, na kwamba aliyeendelea hula chipsi na kuku wa kukaanga. Wahenga wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tumeuacha kweupe. La ajabu ni kwamba wengine wamekwisha kuutambua mbacha huo. Mwaka 1999 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalichapisha kitabu kinachoeleza mimea ya vyakula vya kiasili nchini. Mwaka 2021 Shirika la UNESCO liliiandikisha kazi ya Kenya ya kuvihifadhi na kuvitangaza vyakula vyake vya kiasili katika orodha ya mifano bora ya ulimwengu ya kulinda turathi. Yaani ulimwengu umetupongeza kwa chakula ambacho mwanafunzi wa Kisauni huona haya kukifungua mbele ya wenzake!

Hapa najua yuko msomaji atakayeniuliza: mbona waisifu mboga na kuinyamazia mitishamba? Je, mwarobaini si wetu? Nitajibu waziwazi. Siidharau mitishamba. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya kiasili nchini, na ni haki. Lakini chakula na dawa havipimwi kwa kipimo kimoja. Ukila mchicha mwingi kuliko ulivyokusudia, hutadhurika. Ukizidisha dawa, iwe ya duka au ya mti, unaweza kufa.

Mwarobaini wenyewe asili yake ni Bara Hindi, nasi tumeupa jina kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Majani yake machungu yamezoeleka katika nyumba nyingi za Pwani. Hata hivyo, mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa huko India na Malaysia. Mti ni uleule, lakini sehemu yake na kipimo chake ndivyo vinavyotenganisha faida na madhara.

Tuchukue mfano wa malaria, maana haiko mbali nasi. Dawa ya mseto ambayo Kenya iliichagua mwaka 2004 ina kiungo kilichotokana na artemisinini, nayo artemisinini ilitolewa katika mmea wa pakanga wa Kichina. Mtaalamu Tu Youyou wa China aliongoza utafiti huo katika miaka ya 1970, baada ya kupekua vitabu vya kale vya waganga wa nchi yake, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Hakuishia kusema kwamba babu zake walisema. Aliyasoma maneno yao kwa heshima, kisha akayajaribu, akayapima, akaitenga dawa na takataka. Baada ya kazi hiyo yote, Shirika la Afya Duniani bado haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya majani ya mmea huo, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo hakitabiriki na mara nyingi hakitoshi kuua vimelea vyote. Kwa hivyo mtoto akipatwa na homa, apelekwe kituo cha afya akapimwe damu siku hiyohiyo. Malaria kali yaweza kumwua mtoto mdogo katika muda mfupi sana, na siku mbili za kumfukiza majani ni siku mbili alizopewa mdudu.

Neno "asili" lina mtego mwingine, nao ni udongo. Huko Owino Uhuru, Mikindani, mahali ambapo zamani palihesabiwa ndani ya Changamwe, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliuchafua mtaa kwa madini ya risasi tangu mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Risasi huuharibu ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia hiyo. Mchicha uliooteshwa katika udongo wa namna hiyo ni wa asili kwa jina tu. Hakuna mzizi wala unga wa mlonge utakaourudisha ubongo ulioharibika. Ndiyo maana afya ya asili ni pamoja na kuuliza mboga imeota wapi, imenyweshwa maji gani, na ni nani anayetupa taka karibu nayo. Mwanafunzi aliyefunzwa kuuliza hivyo atakuwa raia bora pia.

Nini basi kifanyike? Siombi wizara itunge somo jipya, kwani mikoba ya watoto imekwisha kuwapinda migongo. Vyama vya 4K, ambavyo maana yake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa shuleni mwaka 2021. Vitumike. Najua shule nyingi za Likoni na Changamwe zimebanwa na majumba hata hazina pa kupanda mti. Lakini gunia moja lililojazwa udongo safi na samadi iliyooza, na kutobolewa ubavuni, huchukua miche mingi ya mchicha, na mchicha huwa tayari kuchumwa katika muda wa wiki chache. Mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi wakakusanye majina ya mboga kutoka kwa bibi zao, Kidigo, Kigiriama, Kiswahili na lugha nyinginezo za waliohamia mitaani mwetu, kabla majina hayo hayajazikwa na wenyewe. Mwalimu wa sayansi aeleze kwa nini ndimu na mchicha ni marafiki. Mwalimu mkuu naye, kwa mashauriano na wazazi, aamue ni nini kiuzwe langoni mwake.

Nanyi wanafunzi msingoje wakubwa. Mkipewa shilingi ishirini, ulizeni bei ya ndizi au kipande cha papai kabla ya kununua barafu ya rangi. Mama akipika mchunga, msikunje nyuso. Ukali wake huzoeleka upesi kuliko ukali wa sindano.

Muuza chupa ataendelea kupaza sauti, maana hiyo ndiyo biashara yake. Mama wa mafungu ya mchicha hatapaza sauti. Anahitaji wa kumsemea, na sioni aliye na wajibu huo kuliko mwalimu.