Kaahirisha Matembezi ya Bagamoyo, Mnamcheka Nini?

Video ya sekunde 12 tu, na mji mzima umeshatoa hukumu. Staa wa filamu za Bongo (jina kapuni, ila mnamjua) kakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa pale Kunduchi, raba moja mkononi, kisigino kimetoka lengelenge la haja, na pembeni yake mzee mmoja mvuvi anacheka mpaka kofia inataka kudondoka. Siku iliyofuata likatoka tangazo: yale matembezi ya hisani ya kutoka Kawe mpaka Bagamoyo kwa njia ya ufukweni yamesogezwa mbele wiki mbili.

Basi hapo ndio povu likamwagika. "Kiki imebuma." "Kaliona jua la Dar." "Dada rudi kwenye filamu, miguu hiyo ni ya V8." Wengine wakaenda mbali zaidi, eti hela za watoto wagonjwa zimeshaliwa ndio maana anavuta muda.

Kusema ukweli, kati ya vitu vyote alivyofanya huyu dada tangu aanze kuyapigia debe matembezi yake, kuahirisha ndio kitu cha maana kuliko vyote. Makosa anayo, na yatafika hapo chini. Ila kwa hili la tarehe anaonewa.

Turudi kwenye lile tangazo la kwanza. Kwa macho lilikuwa kali: mwezi mpevu, bahari inang'aa, staa kavaa nyeupe tupu. Kuanza Jumamosi saa 10 alfajiri, kufika Bagamoyo siku hiyohiyo jioni. Mtu wa mjini akilitazama anaona picha za kupostiwa. Mvuvi akilitazama anaona kituko, na hicho ndicho alichokuwa anakicheka yule mzee. Video ndefu ipo, inazidi dakika 6, ila waliokata kile kipande hawakuwa na shida nayo. Ndani yake dada anasalimia vizuri tu, "Shikamoo mzee," anaitikiwa marahaba, anaulizwa safari ya wapi. Anaeleza. Mzee anauliza siku gani, saa ngapi. Akijibiwa ndipo anapopasuka: "Mwanangu, saa 10 alfajiri, bamvua, utapita wapi? Utatembea juu ya maji?"

Kwa ambao bahari wanaijua kwa kwenda kula mihogo Coco Beach tu, iko hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio unaandama, jua na mwezi vinaivuta bahari kwa pamoja, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Hiyo ndio bamvua. Hapa Dar tofauti kati ya maji ya juu na ya chini siku hizo inapita mita 3, yaani urefu wa chumba kutoka sakafuni mpaka darini. Na kwa pwani hii, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 hivi, alfajiri na jioni, halafu yanakupwa kwenye saa 4 asubuhi. Kwa hiyo saa ileile aliyopanga kuwaanzisha watu safari, ufukwe wenyewe ungekuwa umelala chini ya maji. Wangetembelea wapi? Kwenye kuta za mahoteli?

Na kuta zenyewe sio utani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka baharini pasifanyike shughuli za kuharibu, lakini aliyewahi kutembea kutoka Mbezi Beach kwenda Kunduchi anajua hali ilivyo. Kuna sehemu bahari imekula mchanga, ukuta umeshuka mpaka majini, na maji yakijaa hakuna njia, labda ugeuke nyuma au upande juu ukaombe kupita kwa mlinzi. Mlinzi mmoja kwa mtu mmoja anaweza kukubali. Kwa kundi la watu waliovaa tisheti za aina moja alfajiri giza, sijui hata hilo geti lingefunguliwa na nani, jibu linajulikana.

Ukivuka Kunduchi, Ununio inapita, unafika Mbweni kwenye mikoko. Pale hakuna mchanga wa kupigia picha, kuna tope linalomeza raba. Halafu kuna Mto Mpiji, mpaka wa Dar na mkoa wa Pwani. Mtoni unapoingia baharini huwezi kuruka tu, ama mtumbwi, ama unapanda juu mpaka daraja la barabara ya Bagamoyo. Kundi la watu mia na mtumbwi mmoja ni foleni ya kutwa nzima. Hivi vitu vyote havikuwa kwenye tangazo. Dada kavijua kwa sababu kaenda kutembea mwenyewe, bila kamera yake, na hiyo video inayomchafua ilipigwa na mpita njia.

Sasa hilo lengelenge.

Watu wanalicheka kama vile ni ushahidi kwamba hawezi. Lengelenge la wiki ya tatu ya mazoezi ni habari njema kwa anayejiandaa, kwa sababu limetoka akiwa Kunduchi, kilomita 10 na kitu kutoka nyumbani, ambako bajaji ipo. Lingetoka siku yenyewe, katikati ya mikoko, lingekuwa kidonda kabla ya jua la saa 6. Ukimtazama vizuri miguuni unaona kosa lenyewe: raba mpya kabisa, nyeupe, zimembana. Mguu ukitembea masaa mengi kwenye joto unavimba, ndio maana watembeaji wanachukua kiatu kikubwa kidogo kuliko cha kila siku, tena kilichoshavaliwa mpaka kimezoea. Soksi zikilowa zinabadilishwa, hazisubiri kituo kinachofuata. Mafuta ya mgando yanapakwa katikati ya vidole na mapajani. Haya hayapati laiki, maana nani atapiga picha ya mapaja yaliyopakwa mgando?

Mchanga nao una mambo yake. Ule mkavu wa juu unakuvuta nyuma kila hatua, misuli ya nyuma ya mguu inawaka moto. Ule wa chini uliolowa ni mgumu na mzuri, lakini ufukwe umeinama, kwa hiyo ukitoka Kawe kwenda Bagamoyo mguu wa kulia unakaa chini kuliko wa kushoto njia nzima. Kilomita 5 hausikii kitu. Kilomita 20 nyonga inaanza kukusimulia. Dawa yake ni kuzoeza mwili polepole, kila wiki unaongeza kidogo, na ukaribiapo siku unajaribu kutembea umbali mrefu siku mbili mfululizo, maana siku ya pili ndio inayoonyesha nani kajiandaa na nani kanunua tisheti.

Maji ya kunywa pia watu wanayachukulia poa. Kwenye joto hili la kaskazi mtu anatoka jasho mpaka shati linakauka na kubaki na chumvi nyeupe. Akinywa maji matupu lita kwa lita bila kurudisha chumvi, kichwa kinauma, anatapika, anaanza kuongea visivyoeleweka, wenzake wanadhani ni jua tu. Pakiti za ORS ni bei ya chini, ndizi zipo, madafu yapo kila kona ya pwani hii. Ila lazima mtu awe amezipanga kabla, na ajue zitabebwa na nani.

Hapa ndipo wanaomcheka wanapokosea kabisa. Angekuwa anatembea peke yake, sawa, bahari ingemfundisha mwenyewe. Lakini kawaita mashabiki. Wapo mabinti waliojiandikisha ambao mwendo mrefu waliowahi kutembea ni kutoka kituo cha daladala mpaka saluni. Wapo wenye pumu, wapo wenye presha wasioijua. Mtu mwenye wafuasi wengi akisema "twendeni", watu wanakwenda, hawaulizi maji yanajaa saa ngapi. Mmoja tu akianguka Mbweni alfajiri, maji yanapanda, gari la wagonjwa halifiki, hapo hao hao wa "kiki imebuma" wangekuwa wa kwanza kuandika "apelekwe polisi".

Na matembezi yenyewe ni kwa ajili gani? Kwa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Hili limezama chini ya kelele zote. Mtoto mwenye kichwa kikubwa maji yanajaa kwenye ubongo, na asipofanyiwa upasuaji mapema ubongo unabanwa, anaweza kupoteza macho, anaweza kufa. Upasuaji unafanyika hapa hapa nchini, pale MOI Muhimbili: mara nyingi unawekwa mpira mwembamba unaotoa maji kichwani kuyapeleka tumboni. Shida ya mama wengi inaanza kabla hajalifikia geti la hospitali. Nauli kutoka mkoani. Pa kulala akisubiri kliniki. Mume aliyeondoka akisema kwao hakuna watoto wa hivyo. Majirani wanaosema ni mkosi, mama anamfungia mtoto ndani, miezi inapita, kichwa kinakua. Na hatari ya mgongo wazi inapungua sana mama akitumia vidonge vya foliki kabla ya kubeba mimba na mwanzoni mwake, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki 4 za kwanza, wakati wengi hata hawajajua kama wana mimba. Video ya sekunde 12 ingekuwa na hilo, ingekuwa na faida.

Linganisha na yule msanii wa Bongo Fleva (naye jina kapuni) aliyefanya "matembezi ya hisani" yake mwaka jana. Kilomita 5, spika kwenye Canter, dansa mbele, yeye katembea kama dakika 20, kapanda gari lenye AC, kashuka mita 200 kabla ya mwisho kwa ajili ya kamera. Hakuna aliyemcheka. Kapongezwa, "baba wa huruma", kahojiwa redioni. Hakuna lengelenge, hakuna aliyeahirisha. Na mpaka leo hakuna anayejua ilipatikana shilingi ngapi.

Hilo la shilingi ndilo ambalo dada naye anapaswa kubanwa, kuliko hata miguu yake. Namba ya kuchangia iliyowekwa kwenye ukurasa wake inatoa jina la meneja wake. Jina la hospitali halipo, jina la chama cha wazazi halipo. Labda ni haraka tu, labda hakuna ubaya, lakini mtu akituma elfu 2 yake ya jasho akaona jina la meneja, ana haki ya kusita. Tisheti zinauzwa elfu 35. Ngapi ya fundi, ngapi ya mtoto? Alipoulizwa aliweka emoji ya moyo.

Kuna mzee mmoja wa Uingereza, mwaka 2020 wakati wa korona, alikuwa na miaka 99, akazunguka bustani yake mara 100 na kigari chake cha kushikilia. Mita 25 kila mzunguko. Kwa umbali ni kama kilomita mbili na nusu, dada wa Bongo anazimaliza kabla hajachoka. Zilichangwa zaidi ya pauni milioni 30 kwa ajili ya wahudumu na wagonjwa wa hospitali za umma. Dunia nzima ililia. Lakini taasisi iliyoanzishwa baadaye kwa jina lake ikachunguzwa, na mwaka 2024 wasimamizi wa mashirika ya hisani kule wakatoa ripoti kwamba familia yake ilinufaika nayo. Mzee alikuwa ameshafariki. Jina lake ndilo linalobeba hiyo aibu, yeye aliyetembea kweli.

Kwa hiyo ratiba mpya inasemaje? Siku tatu badala ya moja. Siku ya kwanza mwezi ukiwa mwandamo, kuanza saa 12 asubuhi maji yakiwa yanatoka, kupumzika kabla ya saa 7 mchana jua likiwa kali na bahari inarudi. Kila siku inayofuata kuanza kunasogezwa karibu saa nzima, kwa kuwa maji nayo huchelewa kama dakika 50 kila siku. Misafara ya zamani iliyokuwa ikiingia Bagamoyo kutoka bara nayo ilikuwa na mtindo huohuo, kutembea asubuhi na kulala kivulini mchana, na hao walikuwa na mizigo vichwani. Mpiji watavushwa na wavuvi kwa makundi, yule mzee wa Kunduchi akiwa mmoja wao. Anayetaka kujiunga anatakiwa awe ametembea kilomita 15 kwa mpigo angalau mara moja kabla ya siku, asiyeweza anaruhusiwa kuungana nao Kaole, kilomita 5 za mwisho.

Raba mpya nyeupe kazivua. Kwenye picha ya juzi kavaa za zamani, za kijivu, soli imeliwa upande mmoja. Chini yake komenti ya kwanza ni ya dada mmoja aliyeandika kwamba ana mtoto wa miezi 8 mwenye kichwa kikubwa, yuko Singida, anaomba kujua aanzie wapi. Imejibiwa, na namba ya kupiga kapewa. Komenti ya pili inauliza ile namba ya kuchangia itabadilishwa lini na ile elfu 35 ya tisheti inakwenda wapi. Hiyo mpaka usiku wa jana ilikuwa bado haijajibiwa.