Harufu mbaya kinywani mwa mbwa



Mbwa akisogea karibu na mkeka wa watu na kuhema, mara huambiwa: «Toka hapa, mdomo wako wanuka!» Naye huenda zake nje, mkia chini. Wengi husadiki ya kuwa harufu ile ndiyo asili ya mbwa, kama beberu alivyo na harufu yake. Sivyo. Mbwa mwenye afya hana harufu ya uozo kinywani. Harufu ile ni ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unauma.

Unaanza hivi. Mabaki ya chakula, mate na vijidudu hufanya utando laini juu ya meno. Usipopanguswa, baada ya siku chache chumvi iliyo ndani ya mate huugeuza kuwa ukoga mgumu, wa rangi ya kahawia, ambao kidole hakiwezi kuubandua tena. Chini ya ukoga huo vijidudu hushambulia ufizi. Ufizi huvimba, huwa mwekundu, hutoka damu, kisha hurudi nyuma. Mfupa unaoshika jino huliwa kidogo kidogo, mpaka jino lalegea na kuanguka. Sisi watu huogopa hasa matundu katika meno. Mbwa hapatwi na matundu mara nyingi. Ubaya wake hukaa katika ufizi, mahali tusipotazama. Mbwa mzima ana meno 42, paka ana 30, na hakuna ugonjwa unaowapata mbwa na paka waliokwisha kukomaa kwa wingi kuliko huu.

Mnyama hulificha umivu lake. Mbwa mwenye jino bovu haachi kula, njaa yamlazimisha. Lakini mtazameni vizuri: atatafuna upande mmoja tu, ataangusha tonge, ataacha nyama ngumu na kuchagua bugali laini, atajikuna shavu kwa mguu. Pengine uvimbe hutokea chini ya jicho, na watu hudhani amepigwa jiwe; kumbe ni usaha wa gego kubwa la juu lililopasuka. Mara nyingine mbwa aliyekuwa mpole humngurumia mtoto anayempapasa kichwa. Hapo baba huchukua fimbo. Twasema wazi kwamba kumpiga mnyama kwa sababu jino lamuuma si malezi. Kitabu cha Tobia hakikusahau kumtaja mbwa aliyefuatana na kijana yule na malaika safarini. Nasi tusimsahau yule anayelinda mlango wetu usiku.

Lakini kabla hamjaufungua mdomo wa mbwa yeyote, lisikieni neno hili, nalo ni zito kuliko mengine yote ya ukurasa huu.

Hutokea kwamba taya la chini la mbwa lalegea ghafula, mdomo wabaki wazi, mate yanachuruzika, naye hawezi kumeza. Mwenye nyumba husema: «Mfupa umemkwama kooni,» akaingiza mkono wake autoe. Pengine ni mfupa kweli. Lakini hiyo ndiyo sura ya kichaa cha mbwa, ile sura ya kimya, ambayo mbwa habweki wala hakimbii huku na huku akiuma watu. Ugonjwa u ndani ya mate, na mchubuko mdogo wa kidole watosha kuupitisha. Basi msiingize mkono. Waondoeni watoto, mfungieni mbwa mahali peke yake ikiwa mwaweza kufanya hivyo pasipo kumgusa, mkamwite mganga wa wanyama, tumwitaye veterineri. Mbwa huyo akifa, asichunwe wala asiliwe.

Aliyeumwa, au ambaye mate yamegusa kidonda chake, aoshe mahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile kuchanjwa. Asingoje kuona kama ataugua, kwa maana dalili zikitokea hakuna tena dawa ya kumponya. Zamani, huko Ubelgiji, walioumwa na mbwa walikimbilia abasia ya Mtakatifu Hubert katika nchi ya Ardennes. Tuendelee kumwomba mtakatifu huyo. Lakini tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwenye umri wa miaka 9, chanjo ipo, na mwenye kuikataa hana imani kubwa kuliko wengine.

Sasa turudi kwa mbwa wetu mwenye afya, aliyekwisha kuchanjwa.

Kazi ya kumsafisha kinywa huanza angali mdogo. Kila siku mama au kijana mkubwa ampakate, ainue mdomo wake wa juu, apitishe kidole juu ya meno kwa muda mfupi, kisha ampe kitu kitamu. Baada ya majuma machache kidole kivikwe kitambaa safi chenye maji, halafu mswaki laini wa mtoto. Upande wa nje wa meno watosha. Ulimi husaidia upande wa ndani. Kila siku ndivyo ifaavyo. Mara moja kwa mwezi ni kazi bure. Dawa ya meno ya watu isitumiwe, maana mbwa hajui kutema, naye akiimeza yamdhuru. Na nyingine zina kitu kitamu kiitwacho zilitoli, ambacho ni sumu kali kwa mbwa. Maji yatosha. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu msiukwangue kwa kisu. Huo ni wa veterineri, naye humlaza mnyama kwanza kwa dawa ya usingizi.

Kati ya miezi 4 na 7 meno ya utoto hutoka na mengine huota. Tazameni chonge: jino la zamani likibaki kando ya jipya, chakula hukwama katikati na ufizi huharibika mapema.

Kuhusu mifupa, twajua kwamba hatutapendwa. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, ukachoma koo au matumbo. Mfupa mgumu wa ng'ombe hupasua magego. Vivyo hivyo mawe ambayo vijana hurusha ili mbwa ayadake: mchezo huo huwavunjia mbwa wetu chonge zao.

Paka ana taabu yake. Kwa wengine meno huliwa na mwili wenyewe penye ufizi. Kwa wengine kinywa chote huwaka kama kidonda. Paka wa namna hiyo huijia sahani ya ndakala kwa haraka, hunusa, kisha hurudi nyuma akilia. Mama mwenye huruma humpa basi kipande cha parasetamoli kama ampavyo mtoto. Asithubutu! Mwili wa paka hauwezi kuishinda dawa hiyo; kidonge kimoja chaweza kumwua. Ibuprofeni nayo ni mbaya kwa paka na kwa mbwa pia. Paka huyu apewe chakula laini, apelekwe kwa mganga. Mara nyingi kuyang'oa meno mabovu ndiko kunakompa raha, naye hula vizuri hata akibakiwa na machache.

Twajua kwamba katika vijiji vingi veterineri yu mbali. Lakini anapokuja kwa ajili ya chanjo ya kichaa, mbwa wote hukusanywa mahali pamoja. Siku hiyo mwombeni, akiisha kumchoma sindano, auinue pia mdomo wa mbwa wenu na kuwaonyesha ufizi mzima ulivyo, na mbovu ulivyo. Mleteni na paka pia, ndani ya kikapu chenye mfuniko.