Kelele za Duma Zisihukumiwe Kabla ya Kusikizwa

Kila ninapowatajia watu wa rika langu kwamba nimeusikiliza muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayepiga mayowe, jibu huwa ni lile lile: huo ni muziki wa Wazungu, tena ni wa shetani. Ningependa kuyapinga madai hayo yote mawili, na shahidi wangu ni vijana wawili wa Nairobi waliounda kundi lililoitwa Duma.

Msomaji wa Kiswahili atadhani jina hilo ni la yule mnyama mwenye mbio. La hasha. Martin Kanja, ambaye jukwaani hujiita Lord Spikeheart, na mwenzake Sam Karugu walilitoa katika Kikuyu, na maana yake ni giza. Hata hivyo, maana ya Kiswahili nayo haikukosea sana, kwani ngoma zao, zilizoundwa kwa mitambo, hutimka kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuifuata.

Albamu yao, iliyobeba jina la kundi lenyewe, ilitolewa mwaka 2020 ikiwa na nyimbo 9. Karugu alishika gitaa na mitambo, Kanja akashika sauti. Sauti hiyo haiimbi kwa namna tuliyoizoea. Inakoroma, inalia, inapasuka. Maneno ni vigumu kuyashika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini mama aliyefiwa anapoangua kilio, nani humwuliza ametamka neno gani? Sitadanganya kwamba kuisikiliza ni starehe. Kuna mahali ambapo kelele zimerundikwa juu ya kelele, na naona pumziko dogo lingeipa sauti uzito zaidi. Hata hivyo, hii si kazi ya mzaha, wala si ya watu wasiojua wanalolifanya.

Tuhuma za ushetani si ngeni kwetu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume, ikiongozwa na askofu mkuu, kuchunguza ibada za shetani nchini. Hofu ya siku zile haijatutoka kabisa. Kijana akivaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu, bado wapo wanaomkwepa njiani. Uganda nako, mwaka 2018, Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alijaribu kulipiga marufuku tamasha la muziki la Nyege Nyege kule Jinja akidai linaeneza upotovu. Tamasha likafanyika vivyo hivyo. Nalitaja kwa sababu watu wa Nyege Nyege ndio waliowapokea Duma katika studio yao mjini Kampala, wakairekodi albamu hiyo na kuitoa.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Nairobi ina studio chungu nzima, lakini vijana wake walirekodia kwa jirani, kisha wahakiki wa Uingereza na Marekani wakawasifu. Mimi binafsi sijawahi kuusikia wimbo wao hata mmoja katika redio ya hapa nchini.

Yamkini mtu atasema gitaa la umeme si letu. Ni kweli, na benga je? D. O. Misiani na Shirati Jazz walituchezesha miaka na miaka kwa gitaa hilo hilo, na hakuna aliyeiita benga muziki wa Wazungu.

Tena, mambo hayakuishia Kampala. Mwaka 2024 Kanja, akiwa sasa peke yake, alitoa albamu iitwayo The Adept kupitia kampuni aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu. Aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Fildi Masha, na ambaye Kanja hujitaja kuwa kitukuu wake. Mama huyo alitoka msituni mwaka 1963. Nywele alizofuga huko hazikukatwa hadi Aprili 2022, zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta. Naye akafariki Septemba 2023. Wanaodai kwamba mayowe haya hayana asili hapa kwetu wangeniambia ni muziki gani mwororo ungemfaa mtu aliyeishi takriban miaka 10 katika misitu iliyodondoshewa mabomu na ndege za Waingereza.

Siombi nyimbo hizi zipigwe wakati wa chakula cha mchana, watoto wakiwa mezani. Vituo vyetu vina saa nzima za usiku wa manane ambazo hujazwa kwa nyimbo zile zile zilizopigwa asubuhi. Mtayarishaji mmoja mwenye moyo atenge saa moja, atupigie albamu hizo mbili, kisha afungue simu, wanaotaka kulalamika walalamike. Nami nitakesha.