TP Mazembe: mabao mawili yaliyokosekana Kamalondo

Mechi 6, pointi 5, nafasi ya mwisho. Ndivyo TP Mazembe ilivyomaliza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-2025, nyuma ya Al Hilal ya Sudan (pointi 10), MC Alger (9) na Yanga ya Tanzania (8). Kwa klabu iliyobeba kombe hilo mara 5, na iliyofika nusu fainali mwaka 2024, hiyo ni aibu. Wapenzi wa Kunguru wana haki ya kukasirika. Lakini hasira bila hesabu haijengi timu.

Basi tufanye hesabu. Ugenini Mazembe haikupata hata pointi moja. Ilifungwa 2-1 na Al Hilal huko Nouakchott, 3-1 na Yanga huko Dar es Salaam, na 1-0 na MC Alger huko Algiers. Inauma, lakini kupoteza ugenini barani Afrika si ajabu. Mazembe iliumia zaidi nyumbani.

Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone. Kamalondo mambo yaligeuka: mgeni ndiye aliyepona. MC Alger waliondoka na sare ya 0-0. Yanga walisawazisha katika dakika za nyongeza, ikawa 1-1, wakati mashabiki walikuwa wamekwisha kuimba ushindi. Kama Mazembe ingeshinda mechi hizo mbili, ingekuwa na pointi 9, MC Alger wangebaki na 8 na Yanga 7. Mazembe ingepita. Bao moja zaidi dhidi ya MC Alger, moja zaidi dhidi ya Yanga: umbali kati ya robo fainali na mkia wa kundi ulikuwa huo tu.

Kuna watakaojibu kwamba Al Hilal walifungwa 4-0 Lubumbashi. Ni kweli, lakini ilikuwa mechi ya mwisho, Mazembe ikiwa imekwisha kutolewa. Katika mechi 5 za kwanza, zile zenye uzito, timu ilifunga mabao 3 tu. Mwaka 2015, klabu hii ilipochukua kombe la tano, Mbwana Samatta peke yake alifunga mabao 7 katika mashindano hayo. Tatizo linaonekana wazi: hakuna mtu wa kumaliza kazi mbele ya goli, na timu haijui kulinda ushindi dakika za mwisho.

Dawa haiko mbali. Msimu uleule, Novemba 2024, timu ya wanawake ya Mazembe ilikwenda Morocco ikachukua Ligi ya Mabingwa ya Wanawake kwa kuifunga AS FAR, timu ya nchi mwenyeji, 1-0 katika fainali. Mwezi uliofuata kocha wao, Lamia Boumehdi, alichaguliwa kocha bora wa soka la wanawake Afrika. Wale mabinti walipata bao moja wakalilinda hadi filimbi ya mwisho. Klabu ni ileile, rangi ni zilezile. Kaka zao wasione haya kujifunza kwao.

Nyumbani pia onyo limetolewa. Ubingwa wa Linafoot ulichukuliwa na Les Aigles du Congo wa Kinshasa. Halafu ikawa zamu ya Lupopo, jirani na mpinzani wa siku zote, kubeba jina la Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa, na ikawatoa Orlando Pirates wa Afrika Kusini. Asiyejiuliza baada ya hayo hatajiuliza tena.

Tunasema hivi kwa sababu Mazembe si mali ya Lubumbashi peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoanguka mikononi mwa M23, watu wengi wa mashariki walibaki na vitu vichache vya kuwaunganisha na Wakongomani wenzao. Mpira ni kimojawapo. Hatuombi miujiza. Tunaomba mshambuliaji anayejua goli liko wapi, vijana wa nyumbani wapewe nafasi, na Kamalondo irudi kuwa uwanja ambao mgeni anauogopa tangu anaposhuka kwenye ndege.

Mabao mawili si mengi. Lakini hayaji yenyewe: lazima yafanyiwe kazi kuanzia sasa.