Mtoto Arekebishwe Karibu na Kwao

Samaki mkunje angali mbichi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelizingatia neno hilo: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kesi yake husikilizwa faraghani katika Mahakama ya Watoto, wala hahukumiwi kifungo. Ndugu zetu wa Visiwani nao walitunga sheria yao mwaka 2011.

Hapa Arusha ipo Mahabusu ya Watoto, ambamo mtoto hungojea kesi yake pasipo kuchanganywa na watu wazima. Lakini akiamriwa kupelekwa Shule ya Maadilisho, safari yake ni ya Irambo, mkoani Mbeya. Je, mzazi wa Ngaramtoni au Usa River, anayeishi kwa kuuza ndizi, atamtembelea mwanawe kwa nauli ipi? Na mtoto aliyetengwa na jamaa zake, si atarudi akiwa mgeni kwao?

Sheria yenyewe imeonyesha njia: mahakama yaweza kumwachia mtoto akaishi nyumbani chini ya uangalizi. Basi Serikali zetu zote mbili ziwaongeze Maafisa Ustawi wa Jamii, na ziwapatie usafiri. Sheria njema isiyo na watekelezaji haimwokoi mtoto.